Saraka haibebi mafaili: metadata inakaa wapi, na programu inaisomaje

Mwezi wa saba baridi ya Mbeya haina utani. Siku moja ya baridi hiyo kijana wa chuo, mwaka wa pili, aliingia kwenye stationery yangu Mwanjelwa akiwa ameificha laptop ndani ya koti kama mtu aliyebeba mtoto.

"Shikamoo kaka. Hii programu itanitia wazimu."

Alikuwa ameandika, kwa lugha ya C, programu fupi ya kuorodhesha mafaili yaliyomo kwenye saraka moja (wengi tunaiita folda) na kuonyesha ukubwa wa kila faili. Majina yalitoka yote. Ukubwa ndio ulikuwa kituko: majina matatu ya kwanza yalionyesha sifuri, na kuanzia la nne hadi mwisho kila kitu kilikuwa baiti 4096. Picha baiti 4096, barua baiti 4096, wimbo wa dakika tano baiti 4096.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, saraka ni nini?"

"Ni mahali mafaili yanapokaa."

Ndivyo tunavyofundishwa wote, na kwa matumizi ya kawaida haina madhara. Ukianza kuandika programu inayozungumza na mfumo endeshi (kama Linux au Windows), jibu hilo linakuponza.

Tuanze na metadata yenyewe. Ni taarifa zinazolihusu faili bila kuwa sehemu ya yaliyomo ndani yake. Picha ya harusi ni data. Kwamba ina megabaiti tatu, ni mali ya mtumiaji fulani, nani anaruhusiwa kuifungua na ilibadilishwa lini mara ya mwisho, hiyo ni metadata. (Zile taarifa ambazo kamera inaziandika ndani ya picha, kama aina ya lenzi, ni habari nyingine. Mfumo endeshi hauzijui. Kwake ni baiti kama baiti nyingine.)

Swali ni zinakaa wapi. Chukua ghala la mpunga kule Igurusi, watu wanapoacha magunia wakisubiri bei ipande. Tuseme mlangoni kuna daftari, na kila mstari una vitu viwili tu: jina na namba ya rundo. Hakuna zaidi. Idadi ya magunia, siku yalipoingia, nani ana haki ya kuyatoa, vyote vimeandikwa kwenye kadi iliyotundikwa kwenye rundo lenyewe, huko ndani. Ukitaka kujua majina, unasoma daftari pale pale mlangoni. Ukitaka kujua magunia ya kila mtu, lazima uingie, uende rundo kwa rundo.

Kwenye Linux na mifumo yote ya ukoo wa Unix, saraka ni lile daftari. Kila mstari wake una jina na namba. Kadi inaitwa inodi, na ndiyo inayobeba metadata: aina ya faili, ruhusa, mwenyewe, ukubwa, nyakati, na mahali data ilipo kwenye diski. Kwenye Unix ya miaka ya 1970 mstari wa daftari ulikuwa baiti 16 kamili: baiti 2 za namba ya inodi na baiti 14 za jina. Jina lenye herufi zaidi ya 14 halikuwa na pa kukaa, na programu zilikuwa zinaisoma saraka kama zinavyosoma faili lolote. Mwaka 1983 toleo la Berkeley, 4.2BSD, likaruhusu majina hadi herufi 255, mistari ikawa na urefu tofauti, na ndipo zikaja amri za C za kufungua na kusoma saraka, opendir na readdir, ili kila mwandishi wa programu asijihangaishe kupima mstari unaishia wapi.

Kitu kimoja kinawashangaza wengi: kadi haina jina. Fungua inodi ya faili lolote, jina lake hulikuti humo. Jina ni mali ya saraka. Ndiyo maana faili moja linaweza kuwa na majina mawili kwenye saraka mbili, yote yakielekeza kwenye inodi ileile, na inodi inachohifadhi ni hesabu ya majina tu. Na kufuta faili ni kukata mstari kwenye daftari na kupunguza hesabu hiyo. Data inaachiwa hesabu inapofika sifuri na hakuna programu iliyolishikilia faili. Ukiwahi kufuta faili kubwa la kumbukumbu za matukio (log) kwenye seva, ukaona diski bado imejaa vilevile, sababu mara nyingi ni hiyo: kuna programu bado imelishika.

Sasa kusoma kunafanyika kwa hatua mbili. Unafungua saraka kwa opendir, unaita readdir, kila mara inakupa mstari mmoja, hadi irudishe NULL, yaani hakuna kitu. Humo unapata jina, namba ya inodi na, kwenye Linux, dokezo la aina: faili la kawaida, saraka au kitu kingine. Si la kutegemea kila mahali, kwa sababu baadhi ya mifumo ya mafaili hujibu tu "sijui". Kisha kwa kila jina unaita stat, nayo inakujazia kisanduku cha taarifa. (NULL hiyo ina mtego: inarudi daftari likiisha, na inarudi pia kukiwa na hitilafu. Weka errno, namba ya hitilafu, iwe sifuri kabla ya kuita, ndipo utajua ni ipi kati ya hizo.)

Gharama iko kwenye hatua ya pili. Majina yanakuja kwa mafungu. Keneli, kiini cha mfumo endeshi, inatoa mistari mingi kwa ombi moja, na readdir inakugawia mmoja mmoja. Stat ni ombi moja kwa faili moja. Saraka yenye mafaili 10,000 inasomwa majina kwa maombi machache, halafu inadai maombi 10,000 ya metadata. Kama mafaili yako kwenye seva nyingine na kila ombi likachukua milisekunde moja kwenda na kurudi, hizo ni sekunde kumi za kuangalia skrini. Ndiyo sababu ls tupu, amri ya kuorodhesha majina, hujibu papo hapo, na ls -l, inayoonyesha na metadata, kwenye saraka hiyohiyo inakupa muda wa kumimina chai.

Turudi kwa kijana. Readdir ilikuwa inampa jina tupu, kwa mfano harusi.jpg, naye analipeleka hivyohivyo kwa stat. Lakini jina lina maana ndani ya saraka yake tu. Ukiniambia nikamuulizie Mama Neema bila kutaja mtaa, nitamuulizia mtaa niliosimama. Stat nayo ikapewa jina bila njia (mlolongo wa saraka za kulifikia), ikatafuta kwenye saraka ambako programu ilikuwa imesimama, si kule ilikokuwa inasoma. Haikulipata. Ikarudisha -1, na yeye hakuangalia imerudisha nini. Kisanduku kikabaki kama kilivyokuwa.

Basi sifuri na 4096 zilitoka wapi? Kisanduku alikitangaza nje ya main, sehemu kuu ya programu, na C huvianzisha vya namna hiyo kwa sifuri. Ndiyo zile sifuri tatu. Jina la nne lilikuwa nukta moja. Readdir haipangi majina kwa alfabeti, inayatoa kama yalivyo (ls ndiyo inayoyapanga baadaye), kwa hiyo nukta ilikuwa imejibanza katikati. Na kila saraka ina nukta, jina la kujitaja yenyewe, kama vile kila mtaa una Mama Neema wake. Stat ikaipata nukta ya mtaa usio wake: saraka ya baiti 4096. Baada ya hapo kila jina la faili lilishindikana na namba ile ikaendelea kuchapishwa.

Nilimwambia aongeze perror, inayochapisha sababu ya kushindwa, kila stat inaporudisha -1. Skrini ikajaa ujumbe kwamba faili halipo. Akacheka mwenyewe. Dawa ni kuunganisha njia ya saraka na jina kabla ya kuita stat, au kutumia fstatat, ambayo unaikabidhi saraka iliyokwisha kufunguliwa pamoja na jina. Mimi napenda fstatat, haina kazi ya kuunganisha maneno.

Ruhusa za saraka nazo zinaeleweka ukishalijua daftari. Herufi r kwenye saraka ni ruhusa ya kusoma daftari. Herufi x ni ruhusa ya kupita mlangoni kwenda kwenye kadi. Mpe mtu r bila x, halafu aandike ls -l: majina ataona, ila mahali pa ruhusa, mwenyewe, ukubwa na tarehe atakuta alama za kuuliza mstari mzima. Herufi ya kwanza kabisa mara nyingi itakuwa sahihi, kwa sababu ni lile dokezo la aina, nalo limetoka kwenye daftari. Geuza, mpe x bila r: hawezi kuorodhesha chochote, lakini akilijua jina anaenda moja kwa moja.

Kuhusu nyakati, inodi ina tatu za lazima: faili liliposomwa, data ilipobadilishwa, na ile ya tatu, ctime, ambayo karibu kila mwanafunzi anadhani ni siku ya kuzaliwa kwa faili. Siyo. Ni mara ya mwisho inodi yenyewe kubadilika. Ukibadilisha ruhusa tu, ctime inasogea. Zote zinahesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, saa za kimataifa. Inodi ikisema 1700000000, hiyo ni 14 Novemba 2023 usiku kwa UTC, lakini Mbeya ilikuwa tayari tarehe 15, saa saba na dakika 13 usiku. Masaa matatu yanaongezwa na programu wakati wa kukuonyesha. Kwenye diski hayapo.

Flashi zilizopangwa kwa FAT32, mfumo wa mafaili wa flashi nyingi, hazina kadi kabisa. Kila kitu kimeandikwa kwenye daftari, mstari wa baiti 32: jina fupi, ukubwa, tarehe, na mahali data inapoanzia. Mwenyewe hana pa kuandikwa. Sekunde zinaruka mbilimbili, na miaka inahesabiwa kuanzia 1980. Ukubwa umepewa baiti 4, kwa hiyo faili haliwezi kufika gigabaiti 4. Wateja wanaokuja na video ya harusi ya gigabaiti 5 hudhani flashi yao ni mbovu, hata ikiwa na nafasi tele. Windows nayo, ukiita FindFirstFile na FindNextFile, inakupa jina, ukubwa na nyakati kwa pamoja, bila safari ya pili.

Programu ya kijana ilipokaa sawa, ukubwa ukatoka kama ulivyo, isipokuwa mstari mmoja ulioendelea kulalamika kwamba faili halipo, na jina lake, "nyimbo", tunaliona. Lilikuwa kiungo cha ishara, yaani jina linaloelekeza kwenye njia nyingine, na njia yenyewe iliishia kwenye flashi aliyokwisha kuichomoa. Stat hufuata kiungo hadi mwisho. Lstat inasimama kwenye kiungo chenyewe. Akabadilisha, mstari ukatoka: baiti 17. Akaniangalia. Nikamwonyesha njia iliyoandikwa ndani ya kiungo, /media/usb/nyimbo, akaanza kuhesabu herufi kwa kidole kwenye skrini, moja baada ya nyingine, pamoja na mikwaju (/).