Elimu kwa umma: pete ya Mfalme Sulemani haiuzwi kwa meseji

Ndugu wananchi, kwenye dawati letu la malalamiko ya utapeli wa simu hazipiti siku mbili hajaja mtu na meseji ya "karibu Freemason, pokea pete ya Mfalme Sulemani, utajiri ndani ya masaa 24". Nimeombwa niandike kwenye kampeni hii kwa sababu wengi wakifika hawaanzi na hela waliyoliwa, wanaanza kubishana na sisi habari za Sulemani, "lakini afande si hata Biblia imeandika habari za hiyo pete?" Haijaandika, na naomba tuanzie hapo.

Fungua Wafalme wa Kwanza. Sura ya 3 mfalme anaota ndoto Gibeoni, anaambiwa aombe atakacho, anaomba moyo wa adili aweze kuwaamua watu wake. Sura ya 4 inahesabu mithali 3,000 na nyimbo 1,005, na inasema aliongelea miti kuanzia mwerezi wa Lebanoni mpaka hisopo inayoota ukutani. Pete ya kuita majini hamna. Sura ya 10 ndio ina zile talanta 666 za dhahabu ambazo kila mtu ananionyesha kwa kidole kama amekamata siri, jamani ile ni hesabu ya dhahabu iliyoingia kwa mwaka mmoja, kitabu cha Ufunuo chenye 666 ya mnyama kimekuja kuandikwa karne nyingi baadae. Sura ya 11 inamlaumu bila kumficha, wake 700 na masuria 300, moyo ukageuka, akajenga mahali pa kuabudia Kemoshi, mungu wa Wamoabu, juu ya mlima mbele ya Yerusalemu. Kosa lake ni hilo na limeandikwa wazi, uchawi haumo kwenye mashtaka yake.

Kwa ndugu zangu Waislamu jambo liko wazi zaidi, Suratul Baqara aya ya 102 inasema Suleiman hakukufuru, mashetani ndio waliokufuru wakiwafundisha watu uchawi. Majini walimtumikia ndio, lakini kwa idhini ya Mungu, na Surat Saba aya ya 14 inasimulia kwamba alipofariki hawakujua mpaka mdudu alipoila fimbo aliyoegemea na mwili ukaanguka, wangekuwa wanajua ya ghaibu wasingebaki kwenye ile kazi ya kudhalilisha. Kwaiyo anayekuahidi jini wa Nabii Suleiman atakutajia namba za kubeti anapingana na aya yenyewe.

Sasa pete imetoka wapi? Imekuja kidogo kidogo. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1, anasimulia mtu aitwae Eleazari aliyemtoa pepo mgonjwa mbele ya Vespasian, mkuu wa Kirumi, kwa kumnusisha pete yenye mzizi ambao inadaiwa Sulemani aliuelekeza. Baadae kikaandikwa kwa Kigiriki kitabu kinachoitwa Agano la Sulemani, humo malaika Mikaeli ndio analeta pete na mfalme anawafunga mapepo wajenge hekalu. Alafu Ulaya, zaidi ya miaka 2,000 baada ya mfalme kufa, kikaenea kitabu cha uganga kinachoitwa Ufunguo wa Sulemani. Hakukiandika yeye, waandishi walilitumia jina lake ili kazi yao ipate uzito.

Na Freemason ni stori nyingine kabisa. Chama chao kikuu cha kwanza kilianza London tarehe 24 Juni 1717, katiba yao ikachapwa 1723. Walichukua mfano wa mafundi mawe na hekalu la Yerusalemu wakalifanya somo lao, pamoja na nguzo zake mbili zilizoitwa Yakini na Boazi, na Hiramu, fundi wa shaba aliyezitengeneza. Mafundisho yao yanasema Hiramu aliuawa kwa kulinda siri. Wafalme wa Kwanza sura ya 7 inasema Hiramu alimaliza kazi yake, kuuawa hakupo. Wana jengo lao Dar es Salaam, linaonekana barabarani, na kiongozi wao wa zamani Afrika Mashariki marehemu Andy Chande hakuficha kuwa mwanachama. Mimi siwapigii debe wala siwahukumu, dawati letu sio la dini, nachosema ni kwamba Sulemani hakuwa mwanachama wa kitu kilichoanza miaka zaidi ya 2,600 baada yake.

Mwezi uliopita kijana wa bodaboda alitoa pete mfukoni akaiweka mezani kwangu, imefungwa kwenye karatasi ya chooni. Alilipa ada ya fomu, ada ya pete, kisha "ada ya kafara", na kila akisita anatumiwa meseji kwamba aliyevunja siri alikufa kama Hiramu. Nikaigeuza pete, kwa ndani ina chapa ya kiwandani, chuma kisichoshika kutu. Alikaa kimya muda mrefu sana alafu akauliza kama sasa na yeye atafungwa.

Hafungwi, yeye ni mlalamikaji, naomba hili lieleweke maana aibu na woga ndio vinawafanya watu wachelewe. Ukipata meseji ya hivyo usiifute, itume kwenda 15040, utajibiwa uandike namba iliyokutumia, unaandika namba, basi. Kama hela imeshatoka, piga 100 mtandao wako saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi, taja namba ya muamala. Kisha nenda kituo cha polisi chochote ufungue jalada, upewe RB (namba ya taarifa yako polisi), na uende na simu yenyewe, skrinishoti tupu hazitoshi. Bonyeza pia *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana matapeli hutumia laini za watu wasiojua lolote. Kosa lenyewe linaitwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, Kanuni ya Adhabu Sura ya 16 kifungu cha 302, kifungo mpaka miaka 7. Anayetumia hela kumlipia mwenzake ada nae aje, maelezo yake yanahitajika.

Pete ya yule kijana tumebaki nayo kama kielelezo. Meseji zake tulizisoma zote pamoja, ya mwisho iliingia akiwa bado amekaa pale, wanadai ada ya kumtoa kwenye chama.