Nani Anawalipa Askari Hawa? Habari za Vita na Fantasia ya Giza

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni kufuatilia vita na machafuko ya kisiasa, swali huwa lilelile: baada ya kutwa nzima ya picha za setilaiti na taarifa za vifo, unawezaje tena kufungua riwaya ya wachawi, mamluki na miji inayochomwa? Hujashiba tu?

Sijashiba. Wala sizisomi kupumzika, maana hazipumzishi. Fantasia ya giza, ile isiyo na shujaa msafi wala ushindi usio na harufu ya damu, imenizoesha kuuliza mambo ambayo taarifa ya habari huyaruka. Askari hawa wanalipwa na nani? Wanakula nini? Malipo yakichelewa, watamgeukia nani?

Chukua Sudan. Vita vilipolipuka Aprili 15, 2023 kati ya jeshi la Jenerali Abdel Fattah al-Burhan na RSF (Rapid Support Forces), kikosi chenye silaha cha Mohamed Hamdan Dagalo, yaani Hemedti, wengi walikimbilia mafahali wawili na zizi lao. Methali hiyo inafaa kichwa cha habari, ila haikuelezi zizi lilijengwaje. RSF iliundwa mwaka 2013 kutokana na wanamgambo wa Janjaweed, wakati Omar al-Bashir, rais wa Sudan wa wakati huo, akihitaji watu wa kupambana na waasi wa Darfur, magharibi mwa nchi, na pia wa kumlinda dhidi ya majenerali wake mwenyewe. Mwaka 2017 kikosi hicho kilipata sheria yake, na mwaka huohuo kikashika machimbo ya dhahabu ya Jebel Amer.

Msomaji wa fantasia ya giza akifika hapo hahitaji kuambiwa zaidi. Kikosi cha kukodi kikishapata mgodi wake, hakina bwana tena. Mwaka 2019 Burhan na Hemedti walikuwa upande mmoja Bashir alipoangushwa, na Oktoba 2021 wakaipindua pamoja serikali ya mpito. Desemba 2022 yakatiwa saini makubaliano ya kurudisha utawala wa kiraia, ila likabaki suala la RSF kuingizwa jeshini: jeshi lilitaka miaka miwili, RSF ikataka kumi. Matusi ya majenerali hawa wawili yalijaza magazeti. Mimi naona ratiba ile ndiyo iliyobeba vita.

Urusi nayo ilikuwa na ratiba yake. Juni 2023 wizara ya ulinzi iliagiza vikundi vya wapiganaji wa kujitolea visaini mkataba nayo kabla ya Julai 1. Yevgeny Prigozhin, mkuu wa Wagner, kampuni ya mamluki iliyokuwa ikiipigania Urusi nchini Ukraine, akakataa, na kabla mwezi haujaisha watu wake walikuwa wameshika makao makuu ya kijeshi mjini Rostov, kusini mwa Urusi, wengine wakielekea Moscow. Agosti 23 ndege yake ikaanguka. Vita viwili tofauti kabisa, lakini kila kimoja kina jeshi la pembeni linaloambiwa liwe la serikali, na tarehe ya mwisho juu yake. Aliyesoma riwaya ya The Black Company ya Glen Cook (kitabu cha kwanza kilitoka 1984, na mwandishi aliwahi kuwa mwanamaji wa Marekani) ataitambua harufu hiyo. Msimulizi ni tabibu wa kikosi cha mamluki, na kinachomkosesha usingizi ni nani hasa wamemtumikia na namna ya kutoka. Hata Fumo Liyongo wetu hakuuawa na jeshi. Aliuawa na mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Malipo, tena.

Riwaya hizi zinapotosha pia. Kwanza kuna ramani. Kitabu huanza na ramani safi, ufalme huu hapa, ule kule, na tunazisoma ramani za habari kwa jicho hilohilo. Rangi moja ikifunika nusu ya Darfur, tunadhani kuna anayetawala kila kijiji ndani yake. Mara nyingi kinachoshikiliwa ni barabara, visima na vituo vya mafuta.

Kisha kuna mazimwi. Waukraine wengi huwaita wanajeshi wa Urusi maorki, yale mazimwi ya vitani katika riwaya za Tolkien, na hasira yao ninaielewa. Lakini mchambuzi akianza kuandika hivyo, ameacha kuuliza yule kijana aliandikishwaje na kwa ahadi gani. J.R.R. Tolkien mwenyewe, mwandishi wa The Lord of the Rings aliyepigana katika mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916, alimwandikia mwanawe mwaka 1944 kwamba katika maisha halisi maorki wako pande zote mbili.

Waandamanaji ndio huzitumia hadithi vizuri zaidi, nadhani. Vidole vitatu vinavyoinuliwa na wanaoasi katika riwaya na filamu za The Hunger Games viliinuliwa Thailand baada ya mapinduzi ya 2014, na Myanmar baada ya yale ya Februari 2021. Ishara nyepesi, haihitaji kiongozi wala bango, na askari hajui akunyang'anye nini.

Lakini hakuna kinachotenganisha kitabu na habari kama mji uliozingirwa. Katika riwaya ukuta ni wa waliomo ndani, na adui hubisha kwa magogo na ngazi. El Fasher, mji mkuu wa Darfur Kaskazini uliozingirwa na RSF kwa takriban mwaka mmoja na nusu, ukuta ulijengwa na waliokuwa nje. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilifuatilia kwa setilaiti tuta la udongo lililokuwa likirefushwa, na kufikia Agosti 2025 lilikuwa limepita kilomita 31. Kazi yake ilikuwa kuzuia chakula kuingia na watu kutoka. Waliobaki ndani walikula ambaz, yaani mashudu ya karanga ambayo kwa kawaida hupewa mifugo. Hata hayo yakawa adimu.

Oktoba 26, 2025 RSF ilitangaza kwamba imetwaa makao makuu ya Divisheni ya Sita ya jeshi mjini humo. Taarifa ya namna hiyo isomwe polepole: makao makuu ni uzio na majengo, hayajawa mji. Nilisubiri upande wa pili useme. Kesho yake Burhan akakiri kwamba askari wake wameondoka. Hapo ndipo waandishi wengi wa fantasia hufunga sura, bendera imeshushwa, tunahamia kambi nyingine. Kule El Fasher, hapo ndipo mauaji ya raia yaliposhika kasi, na Shirika la Afya Duniani likaeleza habari za watu zaidi ya 460 kuuawa katika hospitali ya uzazi ya mji huo, iitwayo Saudia.

Ndiyo maana, ukiniuliza uanze na kipi, nitakupa The Poppy War ya R.F. Kuang ya mwaka 2018. Sehemu yake moja imejengwa juu ya mauaji ya Nanjing, China, ya 1937, na wahusika wanaingia mjini baada ya kila kitu kutokea. Hakuna pambano la kusimulia. Wanapita mtaa kwa mtaa wakitafuta aliye hai, na mwandishi hawaruhusu kuharakisha.