Uvimbe wa taya kwa mtoto: acheni kukimbilia kung'oa meno

Swali: Mwanangu ana miaka 6. Shavu limevimba, magego yanacheza. Si jino tu hilo?

Jibu: Jino bovu lina tundu, linauma hadi mtoto halali. Magego mawili matatu mazima yakilegea kwa pamoja, fizi ikatuna, na mtoto halalamiki sana, hilo si jino. Shuku saratani ya Burkitt, ambayo huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 7, wavulana kuliko wasichana. Kwa wengine huanzia tumboni, au jicho hutokeza.

Swali: Inatoka wapi?

Jibu: Kwenye seli B, chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu. Jeni ya kingamwili, yaani maelekezo ya kuitengeneza, haiji nzima, huja vipandevipande viitwavyo V, D na J. Ndani ya uboho wa mifupa, kimeng'enya (protini ya kazi) kiitwacho RAG hukata na kuunga: kwanza kipande D na J, kisha V. RAG huwashwa kwa awamu, kazi ikiisha huzimwa. Baadaye, seli ikiwa kwenye tezi, kimeng'enya kingine, AID, huichokonoa tena jeni hiyo ili kingamwili ishike vizuri zaidi. Malaria ya mara kwa mara huzirudisha seli B kwenye kazi hiyo kila uchao, na virusi vya Epstein-Barr, vinavyoenea kwa mate, huzuia seli iliyoharibika isife. Siku mkato ukienda kombo, jeni MYC ya kromosomu 8 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni), inayoamrisha seli igawanyike, hubandikwa kando ya jeni ya kingamwili kwenye kromosomu 14. Swichi ya hapo haizimwi, na MYC inawaka nayo.

Swali: Karogwa? Inarithiwa?

Jibu: Hapana, na hapana.

Swali: Mganga wa kienyeji akimchanja chale usaha utoke?

Jibu: Hakuna usaha humo! Ni nyama ya saratani. Chale zinaleta damu na vidonda, na kung'oa jino hakupunguzi chochote.

Swali: Tusubiri malipo ya korosho ndipo tumpeleke?

Jibu: Msisubiri. Seli hizi zinaweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48. Mnada wa korosho una ratiba yake, uvimbe hauijui. Nenda zahanati leo, dai rufaa: hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara, ya Sokoine kwa walio Lindi, au ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara. Miguu ikilegea au mkojo ukiziba, usilale nyumbani hata usiku mmoja: uti wa mgongo umebanwa.

Swali: Hospitali watamkata taya?

Jibu: Hapana. Watachukua kinyama kidogo cha kupima, watapima damu na maji ya mgongo, watapiga picha ya tumbo. Tiba ni dawa: saiklofosfamaidi, vinkristini, methotreksati. Kabla yake hutundikiwa maji mengi na kupewa alopurinoli, dawa ya kukinga figo, kwa sababu seli zikifa kwa mkupuo uchafu wake huziba figo.

Swali: Baada ya dozi ya kwanza shavu limenywea. Turudi nyumbani?

Jibu: Hapa ndipo mnapotuangusha. Kunywea si kupona. Seli zilizobaki hazionekani kwa macho, na zikirudi huwa sugu kwa dawa zilezile. Tarehe ya dozi ya pili imeandikwa kwenye kadi. Mlete siku hiyohiyo, hata kama anacheza mpira.