Wapanga herufi wa magazeti ya Uingereza: yanayosemwa na yaliyokuwa

Dhana: Aliyefanya kazi gazetini alikuwa mwandishi.

Ukweli: Hadi miaka ya 1980, gazeti la Uingereza lilibeba mafundi wengi kuliko watu wanavyodhani: wapanga herufi, yaani waliopanga maneno kwa herufi za madini tayari kuchapwa, wapiga chapa, wafungaji wa mizigo. Kijana wa kijijini alimaliza shule, akaingia kiwanda cha uchapaji cha mji mdogo ulio jirani, akawa mwanagenzi kwa miaka kadhaa kabla ya kuitwa fundi.

Dhana: Kupanga herufi ni kazi ya mikono tu, haitaki akili.

Ukweli: Hili linaniudhi kuliko yote. Mashine ya Linotype, iliyoanza kutumika gazetini New York mwaka 1886, iliyeyusha mchanganyiko wa madini ya risasi, bati na antimoni, ikatoa mstari mzima wa maneno ukiwa kipande kimoja cha madini. Fundi aliketi pembeni ya chungu cha madini ya moto, akisoma mwandiko mbovu wa wengine na kurekebisha tahajia huku vidole vikienda. Mwenzake aliipanga mistari hiyo kwenye fremu ya chuma, na aliisoma ikiwa imegeuzwa, juu chini, kwa kasi ambayo wewe na mimi tunasomea gazeti lililokwisha chapwa. Habari ikizidi nafasi, mhariri alisimama kando ya meza akaonyesha pa kukata. Palipokuwa na chama cha wafanyakazi chenye nguvu, hakuruhusiwa hata kugusa herufi.

Dhana: Habari za vijijini zilifuatwa na waandishi kutoka mjini.

Ukweli: Nyingi zililetwa na wakazi wenyewe kwa malipo madogo: waliofika mazishini, washindi wa maonyesho ya maua, matokeo ya kriketi. Jina moja likikosewa, familia nzima ililalamika.

Dhana: Teknolojia mpya iliwapumzisha mafundi taratibu.

Ukweli: Januari 1986 kampuni ya Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, ilihamishia uchapaji wa magazeti yake kwenye kiwanda kipya chenye kompyuta huko Wapping, London. Wafanyakazi zaidi ya 5,000 waligoma wakafukuzwa, na mgogoro ukaendelea hadi Februari 1987. Kwenye magazeti madogo ya mikoani mabadiliko yalikuwa yameanza mapema zaidi, bila kamera wala maandamano. Fundi aliyezoea madini ya moto alipewa kisu chembamba na nta, abandike vipande vya karatasi kwenye ukurasa. Kisha kompyuta ikaichukua hata kazi hiyo.