George Washington hakuwa na meno ya mbao

Alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, Washington alikuwa amebakiwa na jino lake moja tu. Mengine yalikuwa ya bandia, na kinyume na uvumi ulioenea kwamba yalikuwa ya mbao, hakuna seti yake ya meno hata moja iliyokuwa ya mbao. Mbao ingenyonya mate, ikavimba na kuoza.

Baadhi ya seti zake zilichongwa kwa meno ya kiboko, zikafungiwa meno ya binadamu na ya wanyama kwa waya na skrubu. Seti kamili iliyohifadhiwa Mount Vernon, shamba na makazi yake, ina msingi wa risasi, hivyo ni nzito. Springi zilisukuma sehemu ya juu na ya chini zitengane, kwa hiyo ilimbidi akaze taya muda wote ili mdomo ubaki umefungwa.

Uvumi wa mbao huenda ulitokana na rangi. Meno ya kiboko hupata madoa na nyufa, yakaonekana kama ubao wa zamani. Mwaka 1798 daktari wake wa meno, John Greenwood, alimwandikia kwamba seti aliyotumiwa ilikuwa nyeusi kwa sababu ya mvinyo.

Lililo zito zaidi limo kwenye daftari la hesabu la Washington la mwaka 1784: pauni 6 na shilingi 2 walilipwa watu weusi kwa meno 9. Haikuandikwa meno hayo yaliishia kinywani mwa nani. Lakini shamba lake liliendeshwa na watumwa, na mtumwa hakuwa na uhuru wa kumkatalia bwana wake.