Je, wajua kwa nini ruta inakubali konfigi yenye makosa bila kulalamika?

Unaandika sheria zako za nani apite na nani akataliwe kwenye ruta au fayawoli (mlinzi wa mtandao), unabonyeza enta, haijagoma, basi unaridhika unafunga laptopu. Kesho yake simu inaita, mfumo haufunguki. Unarudi kuangalia, sheria iko palepale na imeandikwa fresh kabisa, sasa shida nini?

Shida ni kwamba ruta ikikubali ulichoandika imekagua maandishi tu, ulichokuwa unakitaka moyoni haikijui. Alafu orodha hizi za sheria kwenye vifaa vingi zinasomwa toka juu kwenda chini, pakiti (kifurushi cha data) ikifika inalinganishwa na mstari wa kwanza, isipofanana inashuka wa pili, na ikishafanana na mmoja hukumu imetoka hapohapo, ya chini haiangaliwi tena. Cheki hii (porti ni namba ya mlango wa huduma):

10 kataa 192.168.5.0/24 kwenda popote
20 ruhusu 192.168.5.20 kwenda seva ya hesabu, porti 443

Kompyuta ya .20 imo ndani ya hiyo /24 (yaani 192.168.5.0 hadi 192.168.5.255), so inakatwa kwenye mstari wa 10 na huo wa 20 umebaki pambo. Dawa ni kugeuza, sheria ya mmoja itangulie ya kundi zima. Mistari miwili unaona kwa macho, ila ikiwa 300, imeandikwa na watu wanne na wawili walishaacha kazi, macho hayatoshi bana.

Ndo hapo kaunta zinapookoa. Kila mstari unahesabu pakiti zilizougusa, kwenye Linux unapiga iptables -L -n -v --line-numbers, kwenye ruta za Cisco ni show access-lists. Ukiona sifuri kwenye huduma ambayo watu wanahangaika kuifungua toka asubuhi, anza na huo mstari. Ila usiufute kwa pupa, kuna sheria za kazi ya mara moja kwa mwezi, nazo zinaweza kusoma sifuri mpaka siku yake ifike.

Kosa lingine ni la maski, ile namba inayosema sehemu gani ya anwani ilinganishwe. Orodha za Cisco IOS (mfumo wa ruta za Cisco) zinataka maski iliyogeuzwa, 0 ni linganisha na 255 ni puuza, yaani 0.0.0.255 na sio 255.255.255.0 tuliyoizoea. Ukiweka hiyo ya kawaida ruta inapokea vizuri tu, kumbe umeiambia ipuuze namba tatu za mwanzo na itake ya mwisho iwe 0! Wale uliowakusudia karibu wote wanakosa.

Na mwisho wa orodha nao uangalie. Cisco inaweka "kataa vyote" ambayo huioni imeandikwa popote. Squid (programu ya proksi, inayopitisha maombi ya wavuti) yenyewe ina vituko, pakikosekana mstari wa http_access unaofanana inachukua kinyume cha mstari wa mwisho, kwa hiyo ukimalizia na kukataa watu fulani tu, wasiotajwa wanapita. Ndo maana watu wanafunga orodha na http_access deny all, inayomgusa kila mtu.

Ukishamaliza jaribu pande zote mbili. Wengi tunajaribu kama kinachotakiwa kupita kinapita, basi, kisichotakiwa hatukigusi, na hakuna mtu atakayekupigia simu kulalamika kwamba amefanikiwa kuingia asikoruhusiwa.

Mimi niliwahi kujifungia nje kabisa, niko mbali na ruta nimeingia kwa SSH, nikaweka orodha bila kuruhusu porti 22 (ya hiyo SSH) ya kwangu mwenyewe, skrini ikaganda palepale. Toka siku hiyo kabla ya kugusa kitu naandika reload in 10, nikijifungia ruta inajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi kwenye konfigi ya zamani, ilimradi sijaseva. Kazi ikienda sawa unaandika reload cancel. Mara ya kwanza kuitumia kazi ilienda sawa kabisa, nikaseva, nikaenda kunywa chai, cancel nikaisahau, ruta ikajizima watu wakiwa katikati ya kikao cha video.