cache=none haimaanishi hakuna kache, jamani

Hii nimeisikia tena juzi, Mombasa hapahapa, jamaa aniambia mashini zake pepe ziko sawa hata stima ikipotea kwa sababu kwenye QEMU, programu ya kuziendesha, ameweka cache=none, kwa hivyo eti hakuna kache, yaani pa kushikilia data kwa muda kabla haijatua diskini. Ndugu yangu, kache ipo! Ulichokiruka ni kache ya kerneli ya hosti tu (kompyuta halisi inayobeba mashini pepe), faili la diski limefunguliwa kwa O_DIRECT, njia ya kuipita kache hiyo, basi, lakini kache ya diski yenyewe iko palepale, na gesti (mashini pepe) bado yaambiwa diski hii ina kache ya kuandikia kwa hivyo itume yenyewe flashi, yaani amri ya kusukuma kilicho kwenye kache kitue diskini. Ukitaka kila andiko litue diskini kabla halijajibiwa, hiyo ni cache=directsync, na kasi itashuka.

Mimi naandika maelezo ya draiva za hifadhi (programu za kusoma na kuandika diskini) na kinachonikera ni mstari kama "funksheni hii huandika data kwenye diski". Anayetengeneza draiva mpya ataka kujua ikirudisha sifuri, yaani imefaulu, ni nini kimekuwa kweli? Kwa andiko la kawaida, ni kwamba data imepokelewa na ukiisoma sasa hivi utaiona, basi. Kontena kushuka melini Kilindini si kufika ghalani kwa mwenyewe.

Na flashi nayo watu waipa ahadi ambayo haina. Flashi yahusu maandiko yaliyokwisha kujibiwa kabla haijatumwa, hayo peke yake. Ukituma A na B pamoja, A ikajibiwa, ukatuma flashi B ikiwa bado njiani, flashi ikirudi salama A imelindwa lakini B haina ahadi yoyote, yaweza kuwa imefika au haijafika, na hilo lazima liandikwe waziwazi maana jarida la ext4, mfumo wa faili wa Linux, laegemea mpangilio huo huo. Draiva ikijibu "sawa" bila kusukuma kitu hakuna atakayegundua mpaka siku stima ikatike, halafu lawama yaangukia mfumo wa faili. Kwa qcow2, aina ya faili la diski pepe la QEMU, kazi ni mbili, kwanza utoe jedwali zake zilizobaki kwenye memori ziende kwenye faili la chini, ndipo faili hilo nalo lisukumwe diskini. Ukiruka ya kwanza, data ipo lakini ramani ya kuifikia haipo.

Panaponisumbua ni flashi ikifeli. Mwaka 2018 watu wa hifadhidata ya PostgreSQL walileta zogo kubwa kuhusu Linux: fsync (amri ya kusukuma faili diskini) ikifeli, kerneli yaweza kuzihesabu kurasa za memori zenye data hiyo kuwa safi, kana kwamba zimeshaandikwa, ukiita tena wapata "sawa" na data imeshapotea. Kwa hivyo mimi naandika hivi: flashi ikifeli, usiamini andiko lolote tangu flashi ya mwisho iliyofaulu. Wenye draiva za mtandao wanilalamikia, kwao muunganisho ukikatika draiva yaweza kushikilia maandiko na kuyatuma upya bila hasara, na wana hoja. Lakini gesti yapata kosa lilelile tu, haijui limetoka wapi, na bado sijaona sentensi moja inayowatosha wote wawili, kwa hivyo ile kali naiacha ilivyo.